Kompyuta inayokuwa nzito kwa vipindi: itafute kwa dalili kabla ya bisibisi

Kompyuta iliyokufa kabisa ni rahisi kuitengeneza kuliko inayougua na kupona yenyewe. Hii ya pili ukiipeleka kwa fundi karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha inawaka vizuri, inafungua kila kitu, na fundi anaanza kukutazama wewe badala ya mashine. Ukiirudisha Sakina, jioni ileile inaganda.

Uzito wa vipindi hauji peke yake. Huandamana na kitu: saa fulani, joto fulani, chaja fulani, mtu fulani aliyejiunga kwenye Wi-Fi. Mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya kwa sababu ni kazi wanayoijua na inalipiwa. Kwa tatizo la joto au la chaja haisaidii hata kidogo, na wiki ya pili uko palepale.

Kwa hiyo chukua karatasi. Kwa siku tatu, kila ikiganda andika mambo matano: saa, programu zilizokuwa wazi, chaja ilichomekwa au la, feni ilivuma au ilikuwa kimya, na je, simu yako kwenye Wi-Fi hiyohiyo nayo ilikuwa nzito? Hilo la mwisho husahaulika sana, nalo ndilo linalotenganisha ugonjwa wa kompyuta na ugonjwa wa mtandao ndani ya sekunde kumi.

Ikiganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha ipige picha kwa simu. Safu za kutazama ni nne: CPU (prosesa), Memory (RAM), Disk (diski) na Network (mtandao). Iliyopanda wakati wa kuganda ndiyo ya kufuatwa. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, ambazo ndizo zilizojaa kwenye ofisi na stesheneri zetu.

"Asubuhi haishikiki, ikifika saa nne inakuwa nyepesi"

Lalamiko hili husikika zaidi kwenye stesheneri, ambako mteja wa kwanza anafika saa moja na nusu na flashi mkononi. Task Manager inaonyesha Disk 100% huku CPU ikiwa chini. Bofya neno Disk ili safu ijipange, na juu kabisa utakuta masasisho ya Windows, Antimalware Service Executable (ndiyo antivairasi ya Windows yenyewe), SysMain (huduma ya Windows inayopakia programu mapema), kiorodheshaji cha utafutaji, au OneDrive.

Hao wote wana haki ya kuwapo. Mashine ikizimwa saa kumi na mbili jioni, kazi ilizopaswa kufanya wakati imetulia zinapanga foleni na kuanza kwa pamoja asubuhi. Kwenye diski ya zamani inayozunguka (HDD), kichwa kinachosoma kinamudu maombi kama mia moja tu kwa sekunde yanapotoka sehemu tofauti. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, inamudu makumi ya maelfu. Ndiyo maana masasisho yaleyale hayasikiki kwa jirani yako mwenye SSD.

Anza na haya, kwa mpangilio huu:

1. Siku moja iwashe nusu saa kabla ya kazi, chaja na intaneti vikiwapo, wala usiiguse. Disk ikishuka yenyewe, ilikuwa foleni ya asubuhi tu.
2. Kwenye ukurasa wa Startup apps wa Task Manager zima kila kisicho cha lazima. Ofisi ndogo haihitaji zaidi ya antivairasi, sauti, na hifadhi ya mtandaoni kama mnaitumia. Programu ya printa mliyokwisha kuiuza haina kazi pale.
3. Angalau mara moja kwa wiki, tumia Restart. Shut down haitoshi, kwa sababu Windows ina Fast Startup, inayohifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kilevile kesho yake, pamoja na uchafu wake. Kwenye Task Manager fungua Performance, bofya CPU, tazama Up time. Mashine "inayozimwa kila siku" ikikuonyesha siku 23, ndiyo hiyo.
4. Tazama nafasi kwenye diski C. Ikibaki chini ya asilimia 10 hivi, hamisha picha na video kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Haya yote yakishindwa na diski ni HDD, weka SSD. Ya GB 240 au 256 inatosha stesheneri. Kabla ya kulipa, hakikisha mashine yako inapokea ipi: ya inchi 2.5, M.2 ya SATA, au M.2 ya NVMe. Hizo M.2 mbili zinafanana machoni, lakini tundu lililotengenezwa kwa moja tu halitaitambua nyingine. Na usikubali kuuziwa RAM kwanza kwa dalili hii.

"Ikipigwa kazi saa moja, feni inavuma, kisha kila kitu kinaburuta"

Ni joto, mpaka vipimo vikatae.

Prosesa nyingi za laptop zina kikomo kati ya nyuzi 95 na 105 za Selsiasi. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na zikipoa zinarudi. Mtumiaji anachoona ni mashine iliyokuwa nzuri saa tatu, mbaya saa tano, nzuri tena baada ya chai. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Moshi iko mamia ya mita chini yake. Chumba kikipanda nyuzi nane, prosesa nayo hupanda karibu hizohizo. Laptop iliyovumilia Njiro mwezi wa Julai inaweza kushindwa Majengo ya Moshi mwezi wa Februari bila kitu chochote kuharibika ndani yake.

Kipimo cha bure ni Performance, kisha CPU, kisha neno Speed. Prosesa iliyoandikwa 2.40 GHz ikikaa 0.8 au 1.1 wakati umeibebesha kazi, imebanwa. Programu za HWiNFO au Core Temp zitakuonyesha nyuzi zenyewe. Kwenye Event Viewer (andika eventvwr.msc kwenye kisanduku cha Run), tawi la System, tafuta tukio namba 37 la Kernel-Processor-Power. Linasema kasi ya prosesa imewekewa mpaka na programu dhibiti ya mashine (firmware).

Kisababishi cha kwanza ni mahali inapowekwa. Kitandani, juu ya mto au juu ya kitenge, tundu la hewa la chini linazibwa. Ihamishie kwenye meza ngumu, inyanyue nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa, kisha rudia kazi ileile. Nyuzi zikishuka kumi, umemaliza bila gharama.

Cha pili ni vumbi, na hapa watu wanadanganyika kwa macho. Tundu la nje linaweza kuonekana safi kabisa. Ukifungua kifuniko cha chini na kuinyanyua feni, kati yake na yale mapezi membamba ya shaba ndipo penyewe: vumbi limeshikana na nyuzi za nguo mpaka linatoka kwa kipande kimoja, la kahawia, nene kama kipande cha blanketi. Feni inazunguka kwa nguvu zote lakini hewa haina pa kupita. Kupuliza kwa nje kunalirudisha ndani, na wiki mbili baadaye limerudi mlangoni. Ofisi zilizo kando ya barabara za vumbi Kwa Mrombo au Ngaramtoni zisafishe kila miezi sita. Nyingine mwaka mmoja unatosha.

Ukisafisha mwenyewe: zima, chomoa chaja, fungua kifuniko, kisha chomoa waya wa betri kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine. Zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke unapopuliza, la sivyo unaua bearingi zake. Tumia brashi laini na mkebe wa hewa. Kompresa ya gereji isikaribie: hewa yake hutoka na matone ya maji na mafuta.

Vumbi likiondoka na joto likibaki palepale, pesti iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje moja ya mchele, rudisha skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake, ukikaza kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, bomba linakaa upande na joto linazidi lilivyokuwa.

Simama hapa: kama padi ya kugusa imenyanyuka, kifuniko kimetengana au mashine inayumba mezani, betri imevimba. Zima, usichaji, usibonyeze, usitoboe. Mpelekee fundi ikiwa imezimwa.

"Kwenye betri iko sawa, nikichomeka chaja inakuwa kobe" (au kinyume chake)

Kinyume chake ndio wepesi. Betri ikishuka hadi kiwango kilichowekwa Windows huwasha hali ya kubana matumizi, na kasi inashuka kwa makusudi. Nenda kwenye mipangilio ya Power, angalia Power mode, basi.

Ile ya kwanza inachanganya zaidi. Laptop nyingi, Dell zikiwa mfano unaojulikana, zina pini ndogo katikati ya kichwa cha chaja inayoiambia mashine hii ni chaja gani na ina wati ngapi. Chaja ya bandia isipojitambulisha, au pini ikipinda, mashine inachukua tahadhari: haichaji betri na inaishusha prosesa hadi karibu 0.8 GHz. Ukiwasha utaona ujumbe kwamba aina na wati za chaja hazikutambulika, ujumbe ambao watu huubonyezea F1 kila asubuhi na kuusahau. Joto litakuwa la kawaida kabisa, na hiyo ndiyo tofauti yake na dalili iliyopita.

Soma maandishi ya chaja. Volti zilingane na za mashine, na wati zisipungue. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 65 itachaji vizuri usiku ikiwa imezimwa, kisha itashindwa mchana kazi ikikolea. Azima chaja halisi kwa dakika kumi kabla ya kununua. Kama nayo inatoa dalili ileile, tundu la chaja au waya wake wa ndani ndio mbovu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemia.

Kompyuta za mezani hazina tabia hii. Umeme ukishuka, zenyewe hujizima au kujiwasha upya. Kwa hizo ni stabilaiza au UPS, na lile boksi la umeme la ndani usilifungue hata likiwa limechomolewa: kapasita zake hubaki na chaji.

"Inaganda sekunde kumi, inarudi, inaganda tena"

Hapa kosa linaweza kukugharimu faili zako, kwa hiyo nakili kazi muhimu kwenye diski ya nje kwanza, kabla hujaendelea kusoma.

Ikiwa Memory iko juu ya asilimia 90 na Disk inaruka kila ukihama dirisha, RAM imejaa na Windows inatumia diski kama stoo. Mashine ya GB 4 yenye vichupo ishirini vya kivinjari haiwezi kufanya vingine. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc uone kichupo kinachokula zaidi, washa Memory Saver, ondoa viendelezi usivyovijua. Kisha ongeza RAM hadi GB 8. Angalia kizazi: DDR3L ni ya volti 1.35 na DDR4 ni ya 1.2, na mkato wao hauko mahali pamoja, hivyo ukijikuta unasukuma kwa nguvu umenunua siyo.

Ikiwa kuganda kunakuja pale tu unapofungua folda au kubofya Hifadhi, tafuta diski ya mtandao iliyounganishwa na kompyuta ambayo siku hizi haiwashwi. Windows inaibishia hodi mpaka inachoka. Iondoe kwenye orodha.

Kinachobaki ndicho kibaya. Disk 100%, lakini kasi ya kusoma ni chini ya MB 1 kwa sekunde, na Average response time inahesabu mamia au maelfu ya milisekunde. Pengine unasikia mlio wa tik, tik. Kwenye Event Viewer kuna matukio namba 7, 129 au 153 saa zilezile ulizoandika kwenye karatasi. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, utazame mistari ya 05, C5 na C6: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka. C5 ikiwa na namba yoyote inayozidi kukua, diski inakufa. Kwenye kompyuta ya mezani badilisha kwanza waya wa SATA, kwa kuwa matukio 129 na 153 huletwa na waya uliolegea pia.

Simama hapa: usiendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) kwenye diski ya namna hii kabla ya kunakili. Inailazimisha kusoma kila kona, na diski iliyochoka huishia hapohapo. Kama kuna vitabu vya hesabu au picha ambazo hazipo kwingine na mlio umeanza, izime tu na umtafute mtu anayeokoa data. Kila dakika inayowaka inapunguza kitakachookolewa.

Kama diski ni nzima na kuganda kunaambatana na skrini ya bluu, pima RAM kwa mdsched.exe usiku. Vijiti viwili vipimwe kimoja kimoja.

"Ni mchana tu, na ni kwenye mifumo ya mtandaoni tu"

Word inafunguka papo hapo, lakini mfumo wa kuweka nafasi za wageni unazunguka tu. Kompyuta haina kosa.

Fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt). Andika ipconfig uone Default Gateway, yaani namba ya ruta yenu, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Katika la kwanza andika ping -t na namba hiyo. Katika la pili, ping -t 8.8.8.8, namba ya Google iliyo nje ya ofisi yenu. Yaache mpaka tatizo lije, kisha soma.

Ruta yenyewe ikijibu kwa milisekunde 2, kisha 340, kisha Request timed out, ni Wi-Fi yenu. Sogea karibu na ruta, au tumia waya kwa jaribio moja. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu. Nyingine zinagongana na majirani wawili kwa mpigo. Ghorofa zenye ofisi nyingi katikati ya mji zinahitaji 5 GHz.

Ruta ikiwa shwari na ile ya nje ikapanda kutoka 60 hadi 900, kuna mtu ameziba njia, na kwa kawaida ni njia ya kupandisha. Ofisi za utalii zina ugonjwa wao hapa: gari linarudi kutoka Serengeti, simu na kamera tatu zinajiunga kwenye Wi-Fi, zote zinaanza kupandisha video kwenye hifadhi za mtandaoni. Kupandisha kukijaa, hata ombi dogo la kufungua ukurasa linakaa foleni nyuma ya video ya simba. Zima vifaa kimoja kimoja huku ukitazama namba. Itashuka ghafla kwenye mwenye kosa. Kisha panga upandishaji uwe wa usiku, au uweke kikomo kwenye ruta (QoS). Kuongeza kifurushi bila hilo ni kuongezea video barabara.

Kwa anayetumia bando la simu, iweke Wi-Fi hiyo kuwa Metered connection, na uzime Delivery Optimization isigawe masasisho kwa wengine. Umefanya hayo yote na ruta ikawa shwari saa zote, lakini ya nje ni mbaya hata ofisi ikiwa tupu? Piga picha matokeo ya ping yakiwa na saa, mpigie anayewauzia intaneti. Picha mbili za saa tofauti zinasikilizwa kuliko maelezo ya nusu saa.

"Nikiwa peke yangu sawa, tukiwa watatu kwenye hesabu inakwama"

Faili la hesabu liko kwenye kompyuta moja, wengine wanalifungua kupitia Wi-Fi. Kila swali dogo linavuta vipande vingi vya faili hewani. Weka waya kati ya kompyuta hizo, na ile yenye faili izuiwe kulala.

Kisha tazama kasi ya waya kwenye mipangilio ya Ethernet. Ikiandika 100 Mbps wakati vifaa vyote ni vya gigabiti, jozi moja ya nyuzi imekatika au kichwa kimebanwa vibaya: gigabiti inahitaji jozi zote nne, mia inaridhika na mbili. Bana vichwa vipya. Antivairasi mbili kwenye mashine moja nazo huleta hali hii. Baki na moja.

"Haina kazi yoyote lakini feni haitulii"

Iache dakika kumi bila kugusa. Feni ikipanda, kisha ukifungua Task Manager CPU ikaonyesha 100% kwa sekunde moja na kushuka ghafla, shuku programu inayochimba sarafu za kidijitali. Nyingi zimeundwa kujificha Task Manager ikifunguliwa. Njia yake kubwa ni viwezeshi vya Windows (activators) na programu zilizovunjwa kufuli, vile vinavyotembea kwa flashi.

Kata intaneti. Endesha uchunguzi wa Microsoft Defender Offline, unaowasha mashine upya na kuchukua kama dakika 15. Ukipata kitu, badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine. Hapa ndipo kupiga Windows upya kuna maana, kwa nakala halali. Na kama bado ni Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiirudishe hiyohiyo kwenye mashine inayopokea 11.

Ukifika kwa fundi, mpe ile karatasi na zile picha za skrini, mwachie na chaja yako halisi, na mwambie saa ambayo huwa inaganda. Akisema amesafisha, akuonyeshe nyuzi za kabla na za baada. Akisema diski ni mbovu, akufungulie CrystalDiskInfo mbele yako, na diski ya zamani uondoke nayo.